Muuguzi na daktari wa mifugo wapande gari moja

Mnamo mwaka 2025 alinijia mama mmoja kutoka boma lililo mbali kidogo na barabara ya Namanga, ng'ambo ya Isinya. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto wa miezi minane, na mkononi amemshika mvulana wa miaka minne hivi ambaye alikuwa ameumwa na mbwa mguuni. Nilikiosha kidonda kwa maji mengi na sabuni, nikamwanzishia mtoto chanjo ya kuzuia kichaa cha mbwa, kisha nikamwuliza mama hali yake yeye mwenyewe. Alinyamaza kidogo, ndipo akasema, "Daktari, mimi ni mjamzito tena."

Mama huyu hakuwa mzembe. Alipotimiza wiki sita baada ya kujifungua alidungwa sindano ya kupanga uzazi, ile ya miezi mitatu. Tarehe ya kurudi ilipofika alitembea mwendo wa saa tatu hadi zahanati, akaambiwa dawa imekwisha na arudi baada ya wiki mbili. Alirudi, akaambiwa yale yale. Mara ya tatu hakwenda, kwa kuwa siku hiyo kulikuwa na ng'ombe wagonjwa na ilibidi mtu abaki nyumbani.

Kisha akaniambia jambo ambalo limekuwa likinikereketa hadi leo. "Mwezi ule ule," alisema, "watu wa chanjo ya ng'ombe walikuja hadi mlangoni petu. Walikuwa na gari kubwa, na nyuma lilikuwa tupu. Kama wangebeba na sindano yangu, na dawa ya mbwa, mimi nisingekuwa hapa leo."

Nimesomea udaktari na nimetibu watu kwa miaka mingi, lakini sijasikia mtu akieleza tatizo la huduma zetu za mashinani kwa maneno machache kama hayo. Gari lilikuwapo, barabara ilipitika na mafuta yalikwisha kulipiwa. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwamba ng'ombe, mbwa, mama na mtoto wanaishi katika boma moja, na kwamba anayekwenda kumhudumia mmoja wao anaweza kuwahudumia wote.

Mpango wenyewe ni upi?

Mipango ninayoizungumzia ni ile inayounganisha upangaji uzazi, afya na uhifadhi wa mazingira katika kazi moja. Badala ya shirika la wanyamapori kuja Jumatatu, watu wa mifugo Jumatano na muuguzi mwezi ujao, wote hupanga safari pamoja na kuzungumza na familia ile ile kwa pamoja.

Wala hili si jambo geni katika Afrika Mashariki. Mnamo mwaka 1996 sokwe wa milimani katika msitu wa Bwindi, nchini Uganda, walishikwa na upele. Chanzo kilidhaniwa kuwa nguo za watu walioishi kandokando ya msitu, watu ambao wenyewe walikuwa mbali na huduma za afya. Daktari wa mifugo aliyeshughulikia wanyama hao, Dkt Gladys Kalema-Zikusoka, alitambua kwamba haiwezekani kumtibu sokwe na kumwacha jirani yake mwanadamu akijikuna. Mnamo 2003 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa shirika linalotumia watu wa vijijini kufundisha usafi, kutafuta wagonjwa wa kifua kikuu, kutoa njia za kupanga uzazi na kuripoti sokwe wanapotoka msituni.

Kwenye fuo za Ziwa Victoria, mradi ulioanza mwaka 2011 katika Homa Bay hapa Kenya na katika visiwa na fuo za upande wa Uganda uliunganisha afya ya uzazi, utunzaji wa mazalio ya samaki na upandaji miti. Ulitumia familia za mfano, ambazo majirani walizitembelea kujionea choo, bustani, jiko lisilokula kuni nyingi na watoto waliopishana vizuri. Upande wa Tanzania, katika eneo la Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, mradi wa Tuungane umefanya kazi ya namna hiyo. Na hapa kwetu Laikipia, ngamia wamepata kutumiwa kubeba dawa na wauguzi hadi kwa wafugaji ambao gari haliwafikii.

Swali ni hili: ikiwa ngamia anaweza kubeba kipandikizi hadi Laikipia kaskazini, kwa nini gari lisiweze kukifikisha kilomita chache kutoka Kitengela, mji ulio mlangoni pa Nairobi?

Ardhi iliyokatwa vipande

Wengi wanaosoma ukurasa huu wanaijua Kitengela kwa ploti zake, lakini ni wachache wanaojua ilikuwa nini kabla ya hapo. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina ukubwa wa kilomita mraba 117 tu. Upande wa kusini haikuzungushiwa ua, kwa sababu wanyama huvuka mto na kwenda nyanda za Athi na Kaputiei kutafuta malisho na kuzaa. Nyanda hizo ni ardhi ya watu, na kwa miaka mingi Wamaasai walilisha ng'ombe wao humo pamoja na nyumbu na pundamilia.

Ranchi ya kikundi ya Kitengela ilikuwa na hekta 18,000 hivi. Mnamo 1988 iligawanywa miongoni mwa wanachama wapatao 214. Kwa wastani, kila mmoja alipata ekari 200 na ushei. Hebu tupige hesabu pamoja. Mzee mwenye ekari 200 na watoto wanane akiwarithisha sawasawa, wavulana kwa wasichana kama Katiba ya mwaka 2010 inavyotaka, kila mtoto atapata ekari 25. Akiwa na watoto watatu, kila mmoja atapata ekari 66. Katika nchi kavu kama ile, ekari 25 hazilishi ng'ombe wa kutosha kulisha familia. Kwa hiyo kijana huuza. Naye anayenunua hukata ploti za hamsini kwa mia, nane katika kila ekari, na kila ploti hupata ua wake.

Matokeo tumeyaona. Nyumbu ambao miaka ya 1970 walihesabiwa kwa makumi ya maelfu katika nyanda hizo wamebaki wachache sana. Simba wakikosa nyumbu hutafuta mbuzi. Mnamo Juni 2012, simba sita waliuawa na wanakijiji katika eneo la Ilkeek-Lemedungi, Kitengela, baada ya kuvamia zizi. Mwezi Mei 2023 simba sita wengine waliuawa kwa siku moja Mbirikani, kusini mwa kaunti hii hii. Wapo waliowalaumu wafugaji. Mimi sikuwahi kukutana na mfugaji anayeua simba kwa kujifurahisha. Nimekutana na wale waliopoteza karo ya mwaka mzima kwa usiku mmoja.

Tusiwabebeshe kina mama mzigo usio wao

Hapa nataka tusikie ukweli ambao watetezi wa mipango hii wakati mwingine huukwepa. Si watoto wa Wamaasai walioijaza Kajiado.

Katika sensa ya 1999 kaunti hii ilikuwa na watu 406,054. Mwaka 2009 walikuwa 687,312. Mwaka 2019 walifika 1,117,840, na mji wa Kitengela peke yake ulikuwa na watu zaidi ya 154,000. Sasa, hata kama wakazi wa 1999 wangeongezeka kwa kuzaana kwa kasi ya asilimia 3 kila mwaka, kasi ambayo ni kubwa, miaka 20 baadaye wangekuwa kama 733,000. Hao wengine zaidi ya 380,000 walitoka wapi? Walitoka Nairobi na kwingineko. Ni mimi na wewe, msomaji, tuliotafuta mahali pa kujenga penye bei nafuu.

Kwa hiyo anayekwenda kwenye boma na kumwambia mama apunguze kuzaa ili nyumbu wapate nafasi, huku yeye mwenyewe amezungushia ploti yake seng'enge, hana haki ya kusikilizwa. Na kwa kweli hasikilizwi. Nimewahi kukaa chini ya mti na wazee, na mmoja wao akaniuliza bila kupepesa macho, "Daktari, mnataka watoto wetu wapungue ili simba waongezeke?" Lilikuwa swali la haki. Jamii hii ilipoteza malisho yake makubwa kwa mikataba ya 1904 na 1911 wakati wa ukoloni, na baadaye ikaona mbuga zikitengwa juu ya visima vyake. Mtu aliyewahi kuumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka.

Jibu nililompa mzee ndilo ninaloliandika hapa. Hatumpi mama sindano kwa ajili ya simba. Tunampa kwa sababu ameiomba, na kwa sababu mwili wake unahitaji kupumzika. Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Mimba zinapofuatana haraka, mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo, na yule aliye mikononi huachishwa ziwa mapema. Mama mwenyewe hupungukiwa damu. Haya ni mambo ya afya, na yangekuwa kweli hata kama kusingekuwa na simba hata mmoja nchini.

Wafugaji wenyewe hulielewa hili haraka kuliko watu wa mjini. Mzee yule yule nilimwuliza, "Ng'ombe wako akizaa kila mwaka bila kupumzika, wakati wa kiangazi, ndama huwaje?" Alicheka, akasema, "Hukonda, na mama yake hufa." Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa mepesi.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba Kenya imepiga hatua kubwa bila kumlazimisha mtu. Utafiti wa kitaifa wa 1977 na 1978 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa wastani wa watoto 8. Utafiti wa 2022 ulipata wastani wa watoto 3.4, na asilimia 57 ya wanawake walioolewa walikuwa wakitumia njia za kisasa za kupanga uzazi. Lakini utafiti huo huo ulionyesha kwamba asilimia 14 ya wanawake walioolewa walitaka kuahirisha au kuacha kuzaa na bado hawakuwa na njia yoyote. Hao ndio ninaowatetea. Kwao ushauri umekwisha kufika. Dawa ndiyo haijafika.

Kazi ya gari moja

Ni magonjwa gani ambayo gari moja lingeweza kuyakabili katika maboma ya Kajiado? Nitataja machache ninayoyaona mara kwa mara.

Kuna brusela, ambayo mtu huipata kwa kunywa maziwa mabichi au kumzalisha mnyama mgonjwa bila kinga. Mgonjwa huja na homa isiyoisha na maumivu ya viungo, akiwa ametibiwa malaria na taifodi mara nyingi bila nafuu. Mimi nikimpa dawa na mbuzi wake wasipimwe, atarudi.

Kuna kichaa cha mbwa. Dalili zikishatokea kwa mwanadamu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ya mbwa mmoja ni bei ndogo sana ikilinganishwa na ya mtu aliyeumwa. Mbwa hao hao hueneza minyoo inayosababisha uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu ya watu, na wanaweza kuambukiza maradhi simba na mbwa mwitu.

Kuna vikope, ambavyo huharibu macho ya watoto na kina mama pale ambapo maji ya kunawa ni haba. Kuna meno ya kahawia na mifupa dhaifu kutokana na floridi nyingi katika maji ya visima vingi vya sehemu hizi. Kuna nimonia kwa watoto wachanga wanaolala penye moshi wa kuni. Jiko lisilotoa moshi mwingi hulinda mapafu ya mtoto na papo hapo huokoa miti, ambayo siku hizi inateketea kwa makaa yanayopelekwa Nairobi.

Na upande wa mifugo kuna ugonjwa hatari ambao ng'ombe huupata kwa nyumbu wanaozaa. Wamaasai waliujua kabla ya vitabu vyetu, ndiyo maana huhamisha ng'ombe wakati nyumbu wanapozaa. Ardhi ikishazungushiwa ua, hawana pa kuhamia.

Utaona, msomaji, kwamba hakuna hata ugonjwa mmoja hapo ambao muuguzi anaweza kuumaliza peke yake, wala daktari wa mifugo peke yake. Timu ninayoifikiria haihitaji watu wengi. Ni muuguzi mmoja, afisa wa mifugo mmoja, mtu mmoja wa uhifadhi anayejua lugha ya Kimaa, na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji kile. Wabebe jokofu dogo la chanjo za watoto na za mbwa, vidonge, sindano, vipandikizi na kondomu, pamoja na vitabu vya kuandikia ripoti za mifugo iliyouawa. Waende siku za mnada, kwa maana siku hizo watu wote hukusanyika, na waende mabomani kwa zamu zinazojulikana.

Lazima kuwe na hema la faragha. Mama asiulizwe habari za uzazi wake mbele ya foleni ya wanaume waliokuja kutafuta dawa ya minyoo ya mbuzi. Aelezwe njia zote na madhara yake, achague mwenyewe, na akitaka kipandikizi kitolewe, kitolewe siku hiyo hiyo bila maswali. Mpango ambao ni hodari wa kutia vipandikizi lakini mzito wa kuvitoa haustahili kuitwa mpango wa afya. Na malipo ya ardhi au fidia ya mifugo yasifungwe kamwe na suala la uzazi.

Vile vile wanaume wasiachwe nje. Mara nyingi mume ndiye mwenye kauli ya mwisho, na wengi wao hukataa kwa sababu hawajawahi kuelezwa. Afisa wa mifugo ambaye ameokoa ndama wa mtu anapewa sikio ambalo mimi na koti langu jeupe hatupewi.

Nani atalipa?

Hapa ndipo penye kisa. Miradi mingi ya namna hii imeishi kwa pesa za wafadhili, na pesa za wafadhili huisha. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Marekani ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa dawa za kupanga uzazi duniani. Nchi zilizokuwa zikiegemea mkono huo, Kenya ikiwa mojawapo, zililazimika kutafuta pengine. Mama niliyemtaja mwanzoni hakujua lolote kuhusu Washington. Alijua tu kwamba dawa imekwisha.

Kitengela yenyewe inayo historia ya kutufunza. Mnamo mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kukodi ardhi kwa ajili ya wanyamapori. Mwenye ardhi alilipwa dola 4 za Marekani kwa kila ekari kwa mwaka, kwa sharti kwamba asiweke ua, asilime, asichimbe mawe wala kuuza. Malipo yaligawanywa mara tatu, sambamba na mihula ya shule, na familia nyingi ziliyatumia kulipa karo. Mamia ya familia zilijiunga. Lakini mpango huo ulitegemea wafadhili tangu mwanzo, na mfuko ulipopungua, ploti ziliendelea kukatwa. Wala si ajabu: ekari iliyo kando ya barabara ya lami huuzwa bei ambayo dola 4 haziwezi kushindana nayo.

Funzo ni kwamba upanuzi wa mipango hii usiwe wa kuongeza bendera za mashirika kwenye milango ya magari. Uwe wa kuiingiza katika bajeti ya kaunti. Tangu 2013 afya na mifugo ni kazi za serikali za kaunti. Maafisa wa idara zote mbili huajiriwa na kaunti ile ile, na hakuna sheria inayowakataza kutumia gari moja.

Isitoshe, mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kote nchini, kila mmoja na mkoba wake wa vifaa, na kuahidi kuwalipa posho ya kila mwezi ambayo serikali kuu na kaunti zinachangia nusu kwa nusu. Hilo ni jeshi tayari. Wale wa Kajiado wafunzwe pia kutambua dalili za brusela, kuripoti mbwa wasiochanjwa na kumwelekeza mfugaji aliyepoteza mbuzi jinsi ya kudai fidia chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013. Na posho yao ifike kwa wakati. Huwezi kumtuma mtu boma hadi boma juani kwa ahadi.

Napendekeza mambo matatu kwa wakuu wa kaunti. Kwanza, watenge fungu la pesa linalojulikana kwa jina kwa ajili ya kununua dawa za kupanga uzazi, lisiguswe kwa mambo mengine. Pili, idara za afya na mifugo zitoe ratiba moja ya safari za mashambani, itangazwe katika redio za Kimaa. Tatu, sehemu ya ada zinazotokana na ujenzi na ugawaji wa ardhi Kitengela, Isinya na Ongata Rongai itumiwe kulipia huduma hizi na kulipa wale wanaoacha ardhi yao wazi. Anayefaidika kwa kukata malisho achangie kuyalinda yaliyobaki.

Sisi wa mjini je?

Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 ulitupa onyo. Kati ya Februari na Oktoba 2022 serikali ilihesabu ndovu 205, nyumbu 512 na pundamilia 381 waliokufa kwa njaa na kiu nchini. Kajiado ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Ng'ombe walikufa kando ya barabara ya Namanga huku magari yetu yakipita. Katika miezi hiyo niliwaona kliniki watoto waliokonda ambao baba zao, mwaka mmoja kabla, walikuwa matajiri wa mifugo.

Sisi tuliojenga Kitengela tunaweza kufanya kitu. Tuwachanje mbwa wetu na tusiwaachie wazurure usiku. Tusitupe takataka penye mikondo ya maji inayoteremka kuelekea mbugani. Kabla ya kununua ploti, tuulize kama ipo kwenye njia ya wanyama. Na tukikutana na diwani anayeomba kura, tumwulize dawa za kupanga uzazi zilikwisha lini mara ya mwisho katika zahanati ya wadi yake, na zilikaa siku ngapi bila kupatikana.

Kitengela haina upungufu wa watu wenye akili. Ni humu alimotoka Richard Turere, kijana ambaye akiwa na umri wa miaka 11 aliunganisha betri ya gari, paneli ya jua na taa za kuwaka na kuzima kuzunguka zizi la baba yake, simba wakaacha kuja. Hakungoja mfadhili. Aliona kwamba simba huogopa taa inayotembea, akatumia vyombo vilivyokuwapo.

Nasi vyombo tunavyo: muuguzi, daktari wa mifugo, wahudumu wa vijijini na gari lenye nafasi nyuma.

Mvulana aliyeumwa na mbwa alimaliza chanjo yake salama. Ili aimalize, mama yake, mjamzito na mwenye mtoto mchanga mgongoni, alilazimika kuja mjini mara tatu zaidi, kila mara kwa nauli ya kukopa. Mara ya mwisho nilimwuliza kama mbwa wa boma lao sasa wamechanjwa. Alitikisa kichwa. "Watu wa ng'ombe walirudi," alisema. "Tuliwaambia juu ya mbwa. Wakasema hiyo ni ofisi nyingine."